Haluli: Inatoa Nini Hasa Tumboni Mwako?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalionea haya: choo. Usicheke kwanza. Kila binadamu anakwenda haja, mwalimu wako mkuu pia, na mwanasoka unayempenda pia. Jambo linalomhusu kila mtu halifai kunong'onwa.

Nilianza kulifikiria sana nilipokwenda Songo Songo kuzungumza na wanafunzi wa sekondari. Kama hujafika, Songo Songo ni kisiwa kidogo katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Wengi mnakijua kwa gesi yake, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ambayo tangu mwaka 2004 inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Lakini ukishuka kwenye boti utakachokiona kwanza ni ngalawa, nyavu na minazi. Wenyeji wengi ni watu wa bahari.

Tuliweka sanduku la maswali ili kila mtu aandike bila kutaja jina. Nilitegemea maswali ya mapenzi na Ukimwi, na kweli yalikuwepo. Lakini karatasi tatu zilinishangaza. Ya kwanza iliuliza kama sanamaki ikinywewa kila wiki inaondoa chunusi. Ya pili iliuliza ni siku ngapi kabla ya Idi mtu anywe mafuta ya mbarika ili tumbo lipungue na gauni likae vizuri. Ya tatu ilitoka kwa mtu ambaye alizoea "kusafisha tumbo" na sasa, bila dawa, haendi choo kabisa. Yeye aliuliza kwa nini.

Muda haukutosha siku ile. Haya, tujibu hapa.

HALULI NI NINI?

Haluli, au dawa ya kuendesha, ni dawa inayomfanya mtu apate choo. Nyingine hulainisha choo tu, nyingine huendesha kwa nguvu mpaka mtu anaharisha. Zipo za aina nyingi, na hazifanani hata kidogo:

• Zinazoongeza wingi wa choo. Hizi ni kama maganda ya mbegu za ispaghula. Hunyonya maji na kuvimba. Hufanya kazi taratibu, baada ya siku mbili au tatu, na lazima unywe maji mengi.

• Zinazovuta maji. Chumvi ya haluli, ambayo kitaalamu ni magnesi salfeti, ni ya kundi hili. Laktulosi pia. Huvuta maji na kuyaweka ndani ya utumbo. Chumvi ya haluli inaweza kukukimbiza chooni kabla ya saa moja kwisha.

• Zinazouchokoza utumbo. Hapa ndipo penye sanamaki, mafuta ya mbarika (wengine huyaita mafuta ya nyonyo) na vidonge vya bisakodili. Hizi huulazimisha utumbo ujikaze na kusukuma. Sanamaki na bisakodili huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana mtu hunywa usiku, akaendeshwa asubuhi.

Dawa hizi si ngeni pwani kwetu. Hata jina sanamaki limetoka katika Kiarabu, yaani sana ya Makka, na majani hayo yamevuka bahari na wafanyabiashara kwa karne nyingi. Bibi zetu waliyajua. Na hospitali nazo zinatumia haluli mpaka leo, kwa mfano kwa mtu aliyefunga choo kwa sababu ya dawa kali za maumivu, au kusafisha utumbo kabla ya kuupima. Kwa hiyo haluli si sumu na si uchawi. Ni dawa, na kila dawa ina kazi yake na madhara yake.

NDANI YA TUMBO KUNA NINI?

Ili uelewe, lazima ujue safari ya chakula. Si umesoma kwenye baiolojia? Turudie kidogo.

Chakula kikitoka tumboni huingia kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa kama mita 6. Humo ndimo mwili unanyonya sukari, mafuta, protini na vitamini. Kinachobaki ni makapi na maji, na hayo huingia kwenye utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1.5. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kurudisha maji na chumvi mwilini, ili choo kiwe kigumu kiasi.

Sasa angalia hesabu hii. Kila siku karibu lita 9 za majimaji hupita kwenye utumbo wa mtu mzima. Kama lita 2 ni zile ulizokunywa na kula. Lita 7 zinatoka mwilini mwako mwenyewe: mate, nyongo, na maji ya tumbo na ya utumbo. Karibu yote yanarudishwa mwilini. Kwenye choo hutoka chini ya robo lita tu.

Haluli kali inavuruga urudishaji huo. Kwa hiyo unapokimbilia chooni mara sita na kusema "uchafu wote umetoka", kilichotoka kwa wingi si uchafu. Ni maji yako na chumvi zako.

JE, HALULI INAPUNGUZA UNENE?

Hapana. Kumbuka kwamba chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Dawa nyingi za kuendesha zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, yaani zinafika wakati wali, nazi na samaki wako vimeshaingia kwenye damu.

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili. Waliwapa watu haluli nyingi mno, wakapima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Watu hao waliharisha lita kadhaa za maji, lakini nguvu ya chakula iliyopotea ilikuwa kama asilimia 12 tu. Sehemu kubwa ya chakula ilibaki mwilini. Waliteseka kwa ajili ya kitu kidogo sana.

Ni kweli mizani itashuka kesho yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo ukiharisha lita mbili, kilo mbili zimeondoka. Ukinywa maji zinarudi. Gauni la Idi litakukaa vizuri kwa siku moja, tena ukiwa na kizunguzungu.

Dada yangu, kaka yangu, kama unajiona mnene mno na wazo hilo halikutoki, kama unakula halafu unajilazimisha kuharisha au kutapika kwa siri, huo si urembo tena. Ni ugonjwa unaotibika. Mweleze mtu mzima unayemwamini au mhudumu wa afya.

JE, INASAFISHA DAMU NA KUONDOA CHUNUSI?

Hapana tena. Damu inasafishwa na ini na figo, saa 24, bila likizo. Chunusi za ujana zinatokana na homoni zinazoongeza mafuta kwenye ngozi, na vitundu vya ngozi vikiziba ndipo kipele kinatokea. Hakuna njia inayotoka kwenye chunusi kwenda kwenye utumbo mpana. Ukiharisha kila wiki, chunusi zitabaki pale pale.

KWA NINI SASA SIENDI CHOO BILA DAWA?

Hili ndilo swali la karatasi ya tatu, na ndipo wengi wananaswa. Sikiliza vizuri.

Mtu hajapata choo siku mbili. Anaogopa. Anakunywa sanamaki, anaendeshwa mpaka utumbo unabaki mtupu. Siku inayofuata haendi, kwa sababu hakuna cha kutoa. Siku ya pili haendi, utumbo bado unajaa polepole. Anasema, "Nimefunga tena!" Anakunywa tena, na safari hii anaongeza dozi. Mzunguko umeanza.

Ukweli ni kwamba hakufunga choo. Alikuwa anasubiri utumbo ujae. Watu wenye afya hawafanani: kuna anayekwenda mara tatu kwa siku, na kuna anayekwenda mara tatu kwa wiki. Wote wazima. Kufunga choo ni pale unapokwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo ni kigumu, kinauma na unakamua sana.

Kuutoka mzunguko huu inawezekana. Ila usikate tamaa siku ya tatu ukarudi kwenye kikombe cha sanamaki. Kunywa maji, kula vyakula tutakavyotaja hapo chini, na upe utumbo wiki kadhaa kuzoea. Kama umetumia dawa kwa miezi mingi, pitia zahanati wakusaidie kuiacha.

MWILI UKIPUNGUKIWA

Pamoja na maji, haluli kali inatoa sodiamu na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayosaidia misuli kufanya kazi, na moyo ni msuli. Ikipungua sana utasikia miguu imelegea na misuli inakaza, na moyo unaweza kupiga ovyo. Mtu anaweza kuzimia, na hata kufa. Figo nazo zinaumia kwa kukosa maji. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse kabisa chumvi ya haluli bila daktari, kwa sababu magnesi inaweza kumjaa mwilini.

Ukiharisha sana, kwa haluli au kwa ugonjwa, tumia dawa ya maji ya chumvichumvi (ORS): pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi. Na dafu je? Dafu lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo. Ni zuri kuongezea, ila lisichukue nafasi ya ORS.

HATARI KUBWA KULIKO ZOTE

Nilipokuwa kidato cha pili, binamu yangu alishikwa na tumbo. Tulikuwa kwenye kisiwa kimoja cha pwani yetu ya kusini, likizo. Maumivu yalianzia kitovuni, jioni yakahamia chini upande wa kulia. Akatapika. Wazee wetu, kwa mapenzi kabisa, walisema ni uchafu umejaa, wakampa haluli. Usiku maumivu yakazidi. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, hakuna mashua iliyothubutu kutoka. Tulivuka asubuhi.

Kilikuwa kidole tumbo. Kilikuwa kimeshapasuka. Alifanyiwa upasuaji bara, akalazwa wiki tatu. Yuko hai, na kovu lake analo mpaka leo. Daktari alituambia kwamba haluli huulazimisha utumbo ujikaze, na kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka. Hata pale ambapo haikukipasua, inapoteza saa. Kisiwani saa ni kitu kikubwa, kwa sababu boti ndiyo gari la wagonjwa, na boti inangoja maji na upepo.

Jambo la pili ni "nyongo". Pwani yetu mtu akipata homa, akatapika maji machungu ya njano, utasikia, "Huyo ana nyongo, mpeni ya kumwendesha." Ndugu yangu, ukitapika tumbo likiwa tupu, nyongo lazima itoke. Siyo ugonjwa wenyewe. Homa na kutapika kwenye mkoa kama Lindi kunaweza kuwa malaria, na malaria kali inaua, hasa watoto wadogo. Kipimo cha haraka ni tone la damu na majibu ndani ya dakika 15 au 20. Kumwendesha mgonjwa wa malaria ni kumwondolea maji ambayo tayari homa inayakausha, na dawa mseto inachelewa.

Kwa hiyo shika hili: TUMBO LINALOUMA SANA, KUTAPIKA, AU HOMA, USINYWE HALULI. NENDA ZAHANATI.

USICHEZE NA MBONO

Wale wa Kilwa mnaijua mbono kaburi, mti wa kuzungushia uzio na makaburi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ilisikika sana wilayani, kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipotaka kuilima kwa maelfu ya hekta ili kupata mafuta ya mitambo. Mradi ulikufa, miti ingalipo. Mbegu zake zina ladha kama ya karanga, na zinaendesha vibaya. Mbegu chache tu humtapisha na kumharisha mtoto mpaka akalazwa. Sumu yake imo hata ndani ya mafuta.

Mbarika nayo: mafuta ya dukani yaliyotengenezwa vizuri ni dawa, lakini mbegu yenyewe ina risini, sumu kali sana. Usitafune, usitwange, usijikamulie mwenyewe.

KWA WASICHANA, NA WAVULANA MSIKILIZE PIA

Wapo wanaodanganyana kwamba haluli kali "inarudisha siku". Haluli haitoi mimba. Inachoweza kufanya ni kukukausha maji na kukuweka hatarini wewe. Kama siku zako zimechelewa, nenda kapime mapema. Kumbuka pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali yetu iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Maisha hayaishii hapo.

Jambo jingine: ukiharisha sana, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kutoka kabla havijanyonywa. Hata dawa nyingine unazomeza kila siku zinaweza zisifanye kazi vizuri. Waulize wahudumu kabla ya kuchanganya.

SASA UFANYEJE?

Choo kigumu kina sababu zake. Kisiwani mboga za majani si nyingi kama bara, na mtu anaweza kula ugali wa sembe na samaki asubuhi hadi usiku. Samaki ni mzuri mno, lakini hana nyuzinyuzi. Jaribu haya:

1. Kula dona badala ya sembe ukiweza. Ongeza kunde, choroko, mbaazi, kisamvu, matembele. Papai, embe, pera na ukwaju visikupite.

2. Kunywa maji ya kutosha, hasa siku za jua. Mkojo wa njano iliyokoza ni dalili kwamba umekauka.

3. Mwezi wa Ramadhani wengi hufunga choo. Usinywe maji yote kwa mkupuo wakati wa futari. Yagawe mpaka daku. Tende zina nyuzinyuzi, na usiache mboga kwenye futari.

4. Usibane haja. Najua vyoo vya shule vingi havina mlango wala maji, na wasichana wengi hubana mpaka warudi nyumbani. Choo kikikaa ndani kinazidi kunyonywa maji na kuwa kigumu. Jizoeze kwenda asubuhi baada ya chai, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Na suala la mlango wa choo lipelekeni kwa serikali ya wanafunzi. Ni suala la afya, si la aibu.

5. Tembea, cheza mpira, ogelea.

Ukifanya hayo kwa wiki moja au mbili bila nafuu, dawa inaweza kusaidia. Inunue kwenye famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali, si kwa mchuuzi wa kwenye boti. Soma tarehe ya kwisha muda. Fuata dozi iliyoandikwa, na usizidishe kwa sababu "haijafanya kazi" baada ya saa mbili. Zipo zinazochukua usiku mzima. Kidonge cha bisakodili kimeze kizima, usikitafune, wala usikinywe na maziwa, maana ganda lake litayeyuka mapema na tumbo litasokota. Usitumie zaidi ya wiki moja bila ushauri. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe bila mhudumu wa afya.

Nenda kwenye kituo cha afya bila kuchelewa kama:

• tumbo linauma sana, limevimba au limekuwa gumu
• unatapika na hutoi hata hewa
• kuna damu kwenye choo, au choo ni cheusi kama lami
• unakonda bila sababu
• baada ya haluli unazimia, miguu imelegea au moyo unapiga ovyo

Kama uko mbali na kituo na hujui la kufanya, piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Na wewe uliyeandika ile karatasi ya tatu: kama unasoma hapa, hujaharibika. Utumbo wako ulikuwa unasubiri kujaa, dawa ikauwahi kila mara. Anza leo na maji na kunde, na uwe na subira. Nikirudi kisiwani nitalileta tena lile sanduku. Niandikie umefikia wapi.